Paka wa Manyoya Marefu: Fundo Dogo Huzaa Kidonda

Hutokea katika nyumba nyingi kwamba paka aliyekuwa mpole tangu utoto wake hugeuka ghafula akawa mkali. Mtoto humpapasa mbavuni kama alivyozoea, naye paka hugeuza kichwa akamng'ata au akamparura mkono. Mama hukasirika, fimbo hutafutwa, na jioni baba arudipo kutoka lindoni huarifiwa kwamba mnyama huyo amekuwa mwovu, hafai tena kukaa na watoto. Siku ya pili paka hutiwa guniani akaenda kutupwa mbali. Katika watu wote wa nyumba hiyo, hapana hata mmoja aliyekumbuka kumwinua mguu wa mbele akamtazama kwapani.

Laiti wangalimtazama, wangaliona fundo la manyoya yaliyosokotana, gumu kama kipande cha jamvi kuukuu, limeing'ang'ania ngozi. Kila hatua aliyopiga mnyama huyo ilimvuta ngozi yake, na kila alipojinyoosha alijiumiza. Mkono wa mtoto ulipofika mahali hapo, paka hakutenda uovu wowote. Alijitetea dhidi ya maumivu kwa silaha alizopewa. Wahenga walisema kwamba paka wa nyumba haingwa. Lakini haitoshi kutomfukuza. Yampasa mwenyewe amtunze, na kwa paka mwenye manyoya marefu utunzaji huanza na kitana.

ASILI YA MANYOYA MAREFU

Paka wote wafugwao majumbani wametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, kama ulivyothibitisha uchunguzi wa nasaba uliochapishwa mwaka 2007. Paka-mwitu huyo ana manyoya mafupi, yanayomwezesha kupita vichakani bila kunaswa, na kujisafisha mwili mzima kwa ulimi wake mwenyewe. Manyoya marefu yalikuja baadaye, kwa mabadiliko madogo katika jeni iitwayo FGF5. Kazi ya jeni hiyo ni kuuamuru unyoya uache kukua ufikapo kimo chake. Ikiharibika, amri hiyo huchelewa, na unyoya huendelea kurefuka.

Sifa hiyo hujitokeza tu ikiwa mtoto ameirithi kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo paka wawili wenye manyoya mafupi, ambao kila mmoja ameibeba kwa siri, huweza kuzaa mtoto mwenye manyoya marefu. Ndiyo maana watu hushangaa kumwona paka wa mtaani, ambaye nasaba yake haijulikani, akiwa amevaa joho zito katikati ya ndugu zake waliovaa vazi la kawaida. Paka huyo ahitaji kitana sawasawa na yule aliyenunuliwa kwa fedha nyingi.

Wanadamu waliyapenda manyoya hayo tangu zamani. Mwaka 1620 msafiri wa Kitaliani, Pietro della Valle, akiwa Uajemi, aliandika habari za paka wa jimbo la Khorasan wenye manyoya marefu, mororo, yenye kung'aa kama hariri, akakusudia kuwapeleka kwao Roma. Wengine walitoka Uturuki, katika mji wa Angora ambao leo huitwa Ankara. Mwezi Julai mwaka 1871, bwana Harrison Weir alipoandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace jijini London, paka wa manyoya marefu walikuwa miongoni mwa waliotazamwa sana. Tangu hapo wafugaji walizidi kuwachagua wale ambao manyoya yao ni marefu na mazito zaidi, hata paka wa Kiajemi wa leo akawa na vazi ambalo hakuna paka-mwitu aliyepata kulivaa.

Jambo hili lina maana yake. Asili ilimpa paka manyoya anayoweza kuyatunza peke yake. Aliyependa yawe marefu ni mwanadamu, na kwa sababu hiyo kazi iliyozidi ni deni la mwanadamu.

ULIMI USIPOFIKA

Mtu akilambwa na paka huhisi kama amepitishiwa msasa. Ulimi huo umejaa vijimiba vidogo vilivyopinda kuelekea kooni, vigumu kama kucha. Watafiti wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, walionyesha mwaka 2018 kwamba ncha za vijimiba hivyo zina uwazi mfano wa kijiko, nao huteka mate kinywani na kuyafikisha chini mpaka penye ngozi. Paka hutumia karibu robo ya muda anaokuwa macho katika kujilamba. Hilo kwake ni kuoga, kuchana nywele na kujipoza joto kwa wakati mmoja.

Hata hivyo watafiti hao waliona kwamba paka wa Kiajemi ni tofauti. Manyoya yake ni mazito mno, hayabonyei ya kutosha, na ncha za vijimiba haziifikii ngozi. Kwa nje aweza kuonekana amejisafisha, kumbe chini manyoya yaliyokufa yamebaki yamelala. Yale anayofaulu kuyang'oa huyameza. Mengi hupita tumboni bila madhara, lakini yakizidi hufanya donge, naye hulitapika kwa taabu. Na mara chache donge hilo huziba utumbo, hata pakahitajika kupasuliwa. Kitana kinachoondoa manyoya hayo kabla hayajamezwa huhifadhi ngozi na tumbo pia.

JINSI FUNDO LINAVYOANZA

Manyoya ya paka wengi yana tabaka mbili. Juu yako marefu yaliyonyooka, na chini yako mafupi, laini kama pamba, yanayohifadhi joto. Haya ya chini yanapokufa na kung'oka hayaanguki moja kwa moja sakafuni. Hunaswa katikati ya yale marefu, yakajiviringa humo. Paka akitembea, kwapa husugua ubavu na mapaja husuguana, na msuguano huo husokota manyoya kama mkono usokotavyo uzi. Unyevu huongeza shida. Umande wa asubuhi, matope ya masika, mate, mkojo na mabaki ya chakula yote huyagandamanisha. Akipita majanini akarudi na mbegu za kishona-nguo, kila mbegu huwa mwanzo wa fundo jipya.

Mahali pa kuangaliwa hasa ni nyuma ya masikio, chini ya kidevu, shingoni palipo na mkanda, kwapani, tumboni, kinenani, nyuma ya mapaja na mwanzo wa mkia. Mgongo, ambao ndio watu wengi huuchana kwa kuwa uko karibu na mkono, hauna hatari kubwa kama sehemu hizo zilizojificha.

Siku za kwanza fundo huwa dogo kama punje ya mahindi, na vidole viwili huweza kulifumua. Likiachwa majuma kadhaa huungana na jirani zake, likawa bamba zito kama kitambaa cha sufu. Chini ya bamba hilo hewa haipiti. Ngozi hulowa, huwa nyekundu, kisha huchubuka. Viroboto hupata maficho yasiyofikiwa. Kidonda kikitoa majimaji, nzi huvutwa, hutaga mayai, na mabuu huanza kula nyama ya mnyama aliye hai. Mambo hayo yote huweza kutendeka huku mwenye nyumba akimwona paka amelala barazani kila siku.

VIFAA NA WAKATI

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Cha kwanza ni kitana cha chuma chenye meno mapana, ambayo ncha zake ni za mviringo zisizochoma. Cha pili ni kitana kingine chenye meno yaliyokaribiana zaidi. Burashi yafaa kwa kumalizia, wala isitegemewe peke yake, kwa sababu hupita juu juu ikayalainisha manyoya marefu na kuacha mafundo chini yake. Wengi wameghurika hivyo. Paka ang'aa kama bwana harusi, nao hudhani kazi imekwisha.

Wakati mzuri ni baada ya chakula, paka anapoanza kusinzia, mahali patulivu pasipo redio ya sauti kubwa wala watoto wanaokimbizana. Asikamatwe kwa nguvu akiwa katika mchezo. Mwenye kuchana huketi chini au kitini, akamweka mapajani, akampapasa kwanza mpaka misuli ilegee.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa paka aanzishiwe kitana angali mdogo, hata kabla manyoya hayajarefuka, kwa dakika moja au mbili tu kila siku, kisha apewe kipande kidogo cha samaki. Akikua atakihesabu kitana kuwa ni sehemu ya mapenzi ya nyumbani. Paka mzima ambaye hakuzoeshwa pia hufundishika, ila huhitaji subira zaidi. Siku ya kwanza akinuse kitana, ya pili apitishiwe shavuni, ya tatu shingoni, na kuendelea.

UTARATIBU WA KUCHANA

Kabla ya kitana, mikono hutangulia. Vidole vipitishwe mwili mzima polepole, vikitafuta uvimbe, vidonda, kupe na mafundo. Ukaguzi huu wa dakika moja hugundua mengi, na mara nyingine hufichua ugonjwa mapema.

Kisha huanzwa mahali anapopapenda mwenyewe, yaani mashavuni na shingoni, halafu mgongoni na mbavuni. Tumbo, kwapa, mapaja na mkia huachwa mpaka mwisho, kwa kuwa ndipo penye wivu. Manyoya hugawanywa kwa vidole fungu kwa fungu. Katika kila fungu kitana huanzia nchani, kikapita vizuri, kisha kikashushwa kidogo kuelekea ngozini, mpaka kipite kuanzia shinani hadi nchani bila kukwama. Anayeanzia shinani moja kwa moja husukuma vijifundo vyote pamoja, akatengeneza kimoja kikubwa.

Kazi haikukamilika mpaka kitana cha meno ya karibu kiweze kupita kila sehemu bila kunasa. Hicho ndicho kipimo, wala si mng'ao unaoonekana kwa macho.

Paka wa Kiajemi ahitaji kuchanwa kila siku. Wale ambao tabaka yao ya chini si nzito sana huweza kutosheka na mara mbili au tatu kwa juma, lakini wakati wanapopukutika sana nao pia wachanwe kila siku. Kwa mnyama aliyezoezwa, dakika tano hadi kumi zatosha. Akianza kupiga mkia au kulaza masikio, hiyo ni ishara kwamba amechoka. Yafaa kuachia hapo na kuendelea baadaye, kuliko kushindana naye mpaka akichukie kitana daima.

FUNDO LIKISHAONEKANA

Fundo dogo lisivutwe. Vidole vya mkono mmoja vishike manyoya kati ya fundo na ngozi, ili mvuto usiifikie ngozi. Wanga laini wa mahindi, ule wa kupikia, hunyunyizwa kidogo juu yake ukasuguliwa ndani, nao hupunguza mshikamano. Kisha fundo hufumuliwa kwa vidole kuanzia nje, uzi kwa uzi, na pembe ya kitana humalizia. Likikataa baada ya dakika chache, paka apumzishwe, na kazi irudiwe kesho.

Fundo kubwa lililoikamata ngozi ni kazi ya daktari wa mifugo. Yeye hulinyoa kwa mashine, na ikiwa mafundo ni mengi humpa mnyama dawa ya usingizi ili asiteseke. Manyoya huota tena kwa muda wa miezi kadhaa. Katika muda huo paka akae kivulini, maana ngozi iliyozoea kufunikwa huchomwa na jua upesi, hasa kwa paka mweupe.

MAKOSA YA HATARI

Kosa la kwanza ni mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba na imelegea, na fundo likivutwa ngozi hupanda nalo kama hema lililoinuliwa katikati. Mtu hudhani anakata manyoya, kumbe amekata ngozi. Madaktari wa mifugo hushona majeraha ya namna hii mara kwa mara. Mkasi wa nyumbani usitumike hata kama fundo linaonekana liko mbali na mwili.

Kosa la pili ni kumwosha paka kabla ya kumchana. Maji huyakaza mafundo kama yanavyoikaza kamba ya katani. Ikiwa lazima aoshwe, achanwe kwanza, aoshwe kwa sabuni ya wanyama isiyo kali, asuuzwe vizuri, akaushwe kwa taulo, kisha achanwe tena anapokauka.

Kosa la tatu ni sumu. Mafuta ya taa hayafai kabisa kupakwa paka. Dawa za kusafishia choo na sakafu, hasa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, huingia mwilini mwake anapojilamba zikamdhuru. Dawa za viroboto vya mbwa na za kuogeshea ng'ombe, hususan zenye permethrini, huweza kumtia kifafa na kumwua. Hali kadhalika asipewe vidonge vya binadamu vya kutuliza maumivu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kuwa mauti yake.

Na ikiwa katika kazi hii mtu ameng'atwa au kuparurwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende zahanati bila kuchelewa, kwa kuwa kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia. Kumchanja paka dhidi ya maradhi hayo ni sehemu ya ulinzi wa nyumba.

PAKA ALIYEACHA KUJILAMBA

Pengine mafundo hutokea kwa wingi mahali ambapo hayakuwapo zamani. Hapo isihesabiwe kuwa ni uvivu. Paka mnene mno hawezi kuugeuza mwili akafikia kiuno chake. Paka mzee mwenye baridi yabisi huumwa na uti wa mgongo akijipinda. Mwenye meno mabovu na ufizi uliovimba huogopa kuutumia ulimi. Magonjwa ya figo na mengineyo humwondolea nguvu na hamu. Kwa hiyo mafundo ya ghafula ni taarifa kwamba kuna jambo ndani ya mwili, na yafaa daktari amtazame.

Chakula nacho kina sehemu yake. Unyoya umejengwa kwa protini. Paka ni mla nyama kwa maumbile, wala hawezi kuishi kwa ugali na mchuzi mtupu, kwani mwili wake wahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki. Anayelishwa vibaya hupata manyoya makavu yanayokatika na kushikamana upesi.

ZAMU YA NYUMBANI

Askari ajua kwamba bunduki haisubiri kutu ndipo isafishwe. Husafishwa kila siku ingawa haikutumika, na kwa hiyo kazi yake huwa ndogo. Manyoya marefu yana kanuni ile ile. Dakika tano za leo huokoa safari ya kwenda kwa daktari, gharama ya dawa ya usingizi na maumivu ya mnyama asiye na ulimi wa kujieleza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katika familia ambayo baba huitwa kazini usiku na mchana, na mama ana shughuli nyingi, njia bora ni kuweka zamu. Baba akiwapo nyumbani achane yeye; akiwa safarini mama ashike siku zake; mtoto mkubwa apewe siku zake akiwa chini ya uangalizi. Kitana kitundikwe mahali pamoja panapojulikana na wote, kisitafutwe. Mtoto anayefundishwa kupapasa kwanza, kutafuta fundo kwa ncha za vidole na kuacha mnyama anapochoka, hujifunza pia huruma na utaratibu utakaomfaa mbele ya viumbe wengine.

Na siku paka mpole atakapogeuza kichwa ghafula akaonyesha meno, fimbo isitangulie. Mtoto aondolewe kwanza. Kisha mtu mzima aliyezoewa na paka huyo amngojee atulie, aketi naye, aupitishe mkono taratibu chini ya kwapa, nyuma ya sikio na kinenani. Huenda mkosaji akaonekana papo hapo, naye si paka.